Muuza Mashine za Pumzi

Yule muuzaji wa mashine za kupumulia usingizini, pale mtaani Nguba, hana haraka ya kutaja bei. Kwanza anafuta vidole vyake vinene kwa pamba yenye alkoli, kimoja kimoja, halafu anauliza kwa sauti ya chini kama padri kwenye kitubio: "Kwenu courant inakatikaka mara ngapi mu semaine?" Ukimjibu ovyo, bila kuhesabu umeme unakatika mara ngapi kwa juma, anauliza tena. Kila mkanda wa maski anauvuta karibu na sikio, kana kwamba unamwambia kitu.

Mume wangu, ambaye pumzi yake ilikuwa inakatika kila akilala, alikataa kujaribu maski mbele ya watu. Yeye, mkurugenzi wa shule, aonekane na mkonga puani! Muuzaji hakumbembeleza. Alichukua maski nyingine, akaivaa mwenyewe, akawasha mashine, akaendelea na wateja wake. Akamuuzia maman mmoja kipimajoto, bomba likimning'inia kifuani. Mume wangu alingoja watu wacheke. Wapi! Mwishowe akasogeza uso mwenyewe.

Baada ya majuma mawili nilirudi kushukuru. Nikamweleza kwamba papa, mume wangu, hasinzii tena ofisini, na kichwa hakimuumi asubuhi. Muuzaji alifuta vidole vyake, kimoja kimoja, akaniangalia.

"Na wewe, maman, unalalaka sasa?"

Miaka sita nilikuwa nakesha nikisikiliza pumzi ya mtu mwingine. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, hata daktari, hata mimi mwenyewe.