Chai Yangu ya Kulainishia Boliti

Msinicheke. Nimemaliza shule ya Wajerumani juzi tu, nikapewa mashine kuukuu ya mvuke hapa Ifakara nifungue boliti za bomba lake la moshi. Zilikuwa zimeganda kwa kutu, nikawa nazimiminia mafuta ya taa kutoka kwenye kibuyu. Askari wa Wajerumani akaja akasimama mbele yangu.

“Wewe! Kibuyuni kuna nini?”

Nikawaza. Nikisema maji, atadhani ni ile dawa ya waasi ya kuzuia risasi, nitanyongwa. Nikisema mafuta, atadhani nachoma mashine, nitanyongwa vilevile.

“Chai yangu, Afande.”

“Hata mimi nina kiu. Onja wewe kwanza.”

Nikabugia funda kubwa. Likarudi lote, likaishia kwenye buti zake. Akainama, akanusa, akaangua kicheko.

“Msomi mzima! Si ungesema tu unalainisha boliti?”