Ufunguo wa Maji ya Murara

Usimwone Mama Fatouma vile alivyo mfupi na mpole. Yule mama alimsimamisha kwenye foleni mwanajeshi wa waasi waliotawala mji wetu, na mimi nilikuwepo!

Mwaka ule wa 2002 volkano ilipita katikati ya Goma, ikameza nyumba na mabomba. Sisi wa mtaa wa Murara tukaletewa tangi moja la maji. Siku za kwanza ilikuwa vita tupu: wenye misuli walichota watakavyo, na bibi yetu Mukamazimpaka alirudi nyumbani na bidoni, dumu lake la maji, tupu, analia. Vurugu zikavunja hata bomba la tangi. Niliona hasira.

Ndipo Fatouma, muuza sambusa ambaye meza yake ya mtaani Birere ilizikwa na mawe ya moto, akatukusanya. Tulibishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho tukakubaliana: tununue bomba jipya, lifungwe kwa kufuli, bidoni zipangwe foleni, na mwenye ufunguo achote wa mwisho. Ufunguo tukampa yeye. Nani mwingine angekubali kuwa wa mwisho?

Basi maji yakatutosha. Maji yale yale, jamani!

Asubuhi moja zamu yangu imefika, mtoto mgongoni analilia uji, akaja mwanajeshi, bunduki begani, bidoni mkononi.

"Mama, fungula. Ni maji ya komanda."

"Papa, mustari iko inaanzia kule nyuma," Fatouma akamjibu.

"Komanda hafanyi mustari!"

Fatouma akabana kufuli, akatia ufunguo kifuani. "Basi leo hakuna mutu atachota. Hata miye."

Moyo ulinilipuka. Bidoni yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza! Lakini nikajisikia napiga kelele: "Usifungule, mama!" Na wenzangu wote wakakalia bidoni zao.

Yule kijana alitutazama, akatazama kufuli, kisha akaenda kuweka bidoni yake nyuma kabisa. Vigelegele tulivyopiga vilisikika hadi barabarani.

Nilipeleka maji nyumbani, nikapika uji, nikarudi mbio kutazama. Uhondo kama ule nani angeuacha? Zamu ya yule mwanajeshi ilikuwa imekaribia. Mara akatokea mwanajeshi mwenzake, akatupita wote moja kwa moja hadi bombani.

Kabla Fatouma hajafumbua mdomo, yule wa kwanza alikuwa amesharuka.

"Weye! Uko unaenda wapi? Hauone watu? Rudi nyuma!"