Magauni Matatu ya Bi Marinda

Mtaani walimwita Fundi Pampu, na mkewe walimwita Bi Marinda. Mume alitengeneza pampu za maji katika kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba. Mke alishona katika chumba cha mbele, karibu na dirisha. Hakuwa na duka wala kibao. Alishonea ukoo tu: vijinguo vya watoto wachanga, sare za shule, mapazia ya waliohamia nyumba mpya, mito ya maharusi yenye herufi zilizotariziwa pembeni. Jina alilipata kwenye magauni ya watoto wa kike, kwa sababu marinda yake yalipangana kama meno ya chanuo. Watu walisema katika ukoo ule hakuna aliyezaliwa, aliyefaulu mtihani wala aliyeoa bila kupitia kwenye cherehani yake.

Alifariki Jumanne asubuhi, jikoni, akisubiri maji yachemke. Aliyemkuta ni mumewe, aliyekuwa ameingia kuomba kitambaa cha kufutia grisi. Fundi Pampu alizima jiko kwanza, ndipo akapiga magoti kumwinua. Baadaye alilikumbuka sana jambo hilo, kwamba alizima jiko kwanza, na hakujua alifikirie nini.

Harusi ya binti yao wa mwisho ilikuwa imebakiza wiki tano. Kikao cha familia kikaamua isiahirishwe, kwa kuwa marehemu mwenyewe ndiye aliyepanga kila kitu hadi maua ya vitambaa ya kufungia viti. Fundi Pampu hakupinga. Siku zile hakupinga chochote. Akiambiwa ale, anakula. Akiambiwa akaoge, anakwenda kuoga. Mazikoni hakutoa chozi. Wako waliomsifu kwamba amepiga moyo konde, na wako walionong'ona kwamba moyo wake ni wa chuma kama pampu zake. Wote hawakupatia. Hakuwa jasiri, wala hakuwa mgumu. Ndani mlikuwa mmekufa ganzi tu, basi.

Siku ya tisa alirudi kibandani. Akafungua pampu ya mwenye bustani, akaisafisha, akaifunga, na washa moja, kile kipete cha mpira cha kuzuia maji, ikabaki mezani. Kesho yake mwenye bustani aliirudisha ikivuja. Kwa heshima ya msiba hakulalamika. Aliiweka chini taratibu, akaaga, akaondoka. Fundi aliitazama ile washa kwa muda mrefu, kisha akafunga kibanda.

Wiki hiyo hiyo bibi harusi mtarajiwa alikuja kuchukua magauni ya wajukuu watatu wa marehemu ambao wangemtangulia ukumbini. Alikuta hayajashonwa. Yalikuwa yamekatwa tu, vipande vimekunjwa vifurushi vitatu juu ya cherehani, kila kimoja na karatasi iliyobanwa kwa pini: Mkubwa, Wa Kati, Mdogo. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya maziwa chenye vidoti vya kijani. Binti akavikusanya kifuani, akasema atavipeleka kwa fundi wa njia panda. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni.

"Acha hapo," alisema. "Nitayashona mimi."

Binti alidhani hajasikia vizuri. Alimkumbusha baba yake kwamba hajawahi kushona hata kifungo, kwamba siku zenyewe zimebaki chache, kwamba hakuna atakayemlaumu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akarudia maneno yale yale. Binti aliviweka vifurushi chini, akaenda kumtafuta mama yake mdogo.

Huyo alikuwa mdogo wa marehemu, mfanyakazi wa chumba cha kufulia hospitalini, mtu wa maneno mengi na utani. Kushona alijua kwa kiasi chake, maana shuka zilizochanika zilipita mikononi mwake. Alikuja jioni hiyo akiwa amejiandaa kumtoa shemeji yake kwenye wazimu. Alimkuta amekaa sakafuni, cherehani imefumuliwa yote, kila skrubu imepangwa juu ya gazeti kwa mpangilio, naye anapaka mafuta kwa unyoya wa kuku. Alipoifunga hakikubaki hata kipande kimoja. Magurudumu yalizunguka kimya kuliko siku zote. Mama mdogo akavuta kigoda, akamwambia haya, kuuliza si ujinga, aanze kwa kumwonyesha anavyotia uzi kwenye tundu la sindano.

Walianza na matambara. Fundi Pampu alikanyaga cherehani kama anakanyaga breki, na mshono ukaenda upande kama njia ya mlevi.

"Shemeji, hili ni gauni la mtoto," mama mdogo alimwambia. "Si turubai la lori."

Zamani angemjibu kwa utani mkali zaidi, maana hao wawili walizoea kutaniana bila kuachiana neno. Sasa aliitikia kwa kichwa, akafumua, akaanza upya. Mara moja mama mdogo aliona doa jekundu likitambaa kwenye tambara. Sindano ilikuwa imepita ukingoni mwa kidole cha fundi, naye bado anakanyaga. Ilibidi amshike mkono ndipo asimame. Alimfunga kidole huku akimkaripia, na fundi akaomba msamaha kwa kuchafua kitambaa.

Kidogo kidogo mikono ilielewa. Ilikuwa mikono iliyozoea vipimo, na kitambaa, kama mpira wa pampu, kina upande unaovutika na upande usiovutika. Gauni la Mkubwa lilichukua siku sita. La Mdogo siku nne. Marinda ndiyo yaliyomtesa. Aliyapima kwa rula ya chuma, moja moja, akayabana kwa pini mpaka kiuno kikafanana na nungunungu. Alishona asubuhi mpaka adhuhuri, akala alichowekewa, akashona mpaka mwanga wa dirisha ulipoisha. Hakuwaza kitu. Aliyemuuliza anaendeleaje alijibiwa kwamba imebaki zipu.

Siku kumi kabla ya harusi aliunguza mkono mmoja wa gauni la Wa Kati kwa pasi. Alama ilibaki ya kahawia, umbo kamili la pasi, kama imechorwa. Alikwenda na kipande hicho kwa muuza vitambaa. Muuzaji alimpa pole ya msiba, akamwambia kitambaa hicho kimekwisha. Marehemu ndiye aliyechukua jora lote lililobaki, na alisema linamtosha na yeye pia.

Fundi alirudi nyumbani akafungua sanduku la chumbani. Chini ya mashuka kulikuwa na kifurushi cha nne, kikubwa kuliko vile vitatu. Kitambaa ni kile kile cha vidoti vya kijani. Karatasi yake ilikuwa na pini kama zile nyingine, na mwandiko ule ule. Iliandikwa: Mimi.

Alikitandaza kwenye meza ya humo chumbani. Palikuwa na sehemu ya mbele, sehemu ya nyuma, mikono miwili mirefu, na kola iliyokwisha kutariziwa nusu. Mama mdogo alipoingia alimkuta ameweka mkono wa gauni ulioungua juu ya sehemu ya nyuma, anauzungushia chaki. Alielewa mara moja kile kitambaa kilikuwa cha nani.

"Shemeji, usikate," alisema. "Tutafute kingine, hata kisipofanana."

"Mtoto atakuwa na mikono miwili tofauti."

"Na iwe hivyo."

"Yeye asingekubali," fundi alisema, akakata.

Mkasi ulipita. Alifuata mstari wa chaki mpaka mwisho. Mama mdogo alikaa kitandani akalia, kilio cha mtu mzima kisichotafuta kubembelezwa. Fundi alisimama na mkasi wake akamsubiri. Alipoona amenyamaza, akamuuliza upande upi wa kitambaa ndio wa nje, maana kwa mwanga ule hakuweza kutofautisha.

Siku ya harusi watoto watatu waliingia ukumbini mbele ya bibi harusi. Marinda ya Mkubwa yalielemea kushoto. Mdogo alikaa chini katikati ya njia akavua kiatu, watu wakacheka. Wa Kati alitembea ameinua mabega, mikono yote miwili ya vidoti vya kijani. Mama wa bwana harusi aliuliza magauni mazuri hayo ni ya fundi gani. Mtu mmoja mezani akanyoosha kidole kuelekea viti vya nyuma.

Binti alimfuata baba yake huko nyuma baadaye, akaketi kando yake na gauni lake refu amelikusanya mapajani. Baba alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Mkono ukiulalia, unaamka unaugusa unaona kama wa mtu mwingine. Mimi niko hivyo mwili mzima, mwanangu. Nimeyashona yale magauni nikiwa hivyo. Nimekuona ukiingia nikiwa hivyo. Nilitaka ujue, usije ukadhani sikupendi."

"Nilikuwa na hasira na wewe, baba. Kwa sababu hukulia."

"Na sasa?"

"Sasa sina."

Walikaa hivyo mpaka alipoitwa kwenda kupigwa picha.

Fundi Pampu alifungua tena kibanda, lakini cherehani hakuifunika. Alasiri moja, mwezi wa tatu baada ya msiba, alikuwa akipinda shuka alipoishiwa uzi mweupe. Bila kugeuka, aliuliza kwa sauti umewekwa wapi. Akangoja ajibiwe. Alingoja kama mtu anavyongoja, mguu ukiwa bado juu ya kikanyagio, kabla hajatambua alikuwa anamuuliza nani. Kitu kilimchoma kifuani, kidogo, kama ncha ya pini. Hakikudumu. Alisimama akautafuta uzi mwenyewe, akaukuta kwenye droo ya tatu, akarudi kumalizia pindo.

Wiki iliyofuata bintiye mkubwa, aliyekuwa mjamzito, alileta mita mbili za kitambaa laini cha njano. Hakuuliza kama ataweza. Aliuliza tu aje kuchukua lini, naye akamwambia Alhamisi.