Mwenyekiti wa Madawati

Watu wa mtaa wa Kibomet, mjini Kitale, walimsalimia Hesbon Wabwile kwa mbali. Si kwamba walimchukia. Alikuwa mtu mpole, asiyekopa wala kugombana, na kanisani alikaa benchi la nyuma bila kumkwaza mtu. Ila kazi yake ilikuwa kutengeneza majeneza. Karakana yake ilitazama barabara, na majeneza aliyoyamaliza aliyasimamisha nje, yameegemea ukuta, moja baada ya lingine kama watu wanaongoja kuitwa ndani. Aliyepeana mkono na Hesbon asubuhi alishinda siku nzima akijiuliza kama amepimwa.

Kwa sababu hiyo mambo ya watu wengi alimwachia mkewe, Phelista. Harusi, ubatizo, vikao vya ukoo, kote alikwenda Phelista. Binti yao Nabwile alikuwa amefika Gredi ya Nne katika shule ya msingi ya mtaa, na Hesbon hakuwa amekanyaga mkutano wa wazazi hata mmoja. Phelista alilalamika kila muhula. Hesbon alijibu kila muhula, "Nikikaa, nani atakaa karibu yangu?"

Mwaka huo mama mkwe wake aliteleza kwenye shamba la miwa huko Kabuchai, Bungoma, akavunjika nyonga. Phelista akafunga virago akaenda Bungoma kumuuguza. Juma la pili, Nabwile akaja na barua ya shule.

"Baba, mwalimu amesema asiyekuja na mzazi asikuje."

Hesbon akampigia mkewe simu.

"Baba Nabwile, ni kazi rahisi," Phelista alimwambia. "Unaingia, unakaa, unanyamaza, unarudi nyumbani. Si wewe umezoea watu wanaonyamaza?"

Akaenda. Aliingia darasani kimyakimya, akachagua dawati la pembeni, akakaa. Dawati lilitoa mlio mmoja tu, kisha likafunguka katikati na kumweka mwenye karakana chini, miguu juu, mbele ya wazazi themanini.

Mtu mwingine angeinuka akajipangusa na kuona haya. Hesbon hakuinuka. Alibaki palepale sakafuni, akaokota mguu wa dawati, akaugeuza. Moyo wake wa fundi ulikuwa umeumia kuliko makalio yake.

"Nani alitengeneza hii?" akauliza. "Angalieni. Mbao mbichi. Msumari umepigwa kwenye ufa. Hapa hakuna hata tone la gundi. Hii si kiti, hii ni mtego." Akasimama sasa, ule mguu mkononi, akaenda dawati la pili, akalitikisa. Akaenda la tatu. "Na hapa mnakalisha watoto wangapi?"

"Watano," akasema Mwalimu Cherono, mwalimu mkuu, mwanamke mrefu aliyekuwa ameomba madawati kwa barua kumi na moja katika miaka mitatu. "Wengine sita, wakiwa wembamba."

"Watano," Hesbon akarudia. Akatingisha kichwa. "Mimi natengenezea mtu mmoja mmoja, na hataamka kunilalamikia. Lakini siwezi kumpa kitu kama hii."

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba aliambiwa anyamaze. Alikuwa amechelewa. Nyuma ya darasa mwanamke mmoja alikuwa amesimama, Jepkorir, muuza maziwa, ambaye sauti yake ilizoea kuita wateja upande wa pili wa barabara.

"Mimi napendekeza huyu awe mwenyekiti wa madawati."

Wakamuunga mkono wote kwa mpigo mmoja, kama watu waliokuwa wakiogopa kupendekezwa wao. Jepkorir akachaguliwa msaidizi wake, ili ajifunze kufunga mdomo.

Kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa kusambaza kadi za mchango. Hesbon alianza kwa Nderitu, mwenye duka la mbao na vifaa vya ujenzi, ambaye alikuwa amelazwa na homa ya mapafu mwezi uliopita. Aliingia dukani amevaa koti lake la Jumapili, kadi mkononi, futi ya kupimia imechungulia mfukoni.

Nderitu alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini polepole.

"Nani amekutuma?"

"Nimetumwa na wazazi."

"Wazazi wangu walishakufa."

"Si wako. Hawa wengine. Wanasema hali ni mbaya, na siku imeshapangwa. Ni tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi."

Nderitu akashika meza. "Lakini daktari alisema nimepona, bana. Mimi nimepona kabisa. Angalia." Akaruka mara mbili nyuma ya meza ya kuuzia, mizani ikatikisika.

Ilichukua muda kabla ya Hesbon kuelewa, na muda zaidi kabla ya Nderitu kuamini. Alipoona neno madawati kwenye kadi, kwa macho yake mwenyewe, aliandika ahadi ya elfu tano, akatoa pesa taslimu palepale, kisha akamfungulia Hesbon mlango.

Hesbon alitoka ameinamisha kichwa. Akamwambia Jepkorir kwamba anajiuzulu, kwa sababu anawatia watu hofu. Jepkorir alizitazama zile noti tano, akaona jambo ambalo mwenyekiti hakuliona.

"Mwenyekiti," akasema, "kutoka leo wewe usiseme kitu. Mimi nitaongea. Wewe kazi yako ni kusimama tu."

Wakazunguka hivyo siku sita, Kibomet yote na nusu ya mtaa jirani wa Tuwan. Jepkorir aliongea habari za elimu. Hesbon alisimama nyuma yake, ameshika kofia, akimtazama mtu kwa upole. Hakuna aliyewaambia warudi kesho. Mchinjaji mmoja alichangia kupitia dirisha bila kufungua mlango. Usiku Hesbon alimweleza Phelista kwa simu kwamba roho inamsuta, Phelista akacheka mpaka mama yake mwenye nyonga akauliza kuna nini.

Siku ya mchango yenyewe haikuwa na baraka nyingi. Mvua ilinyesha kuanzia saa tatu. Mgeni wa heshima, aliyetarajiwa kuja na marafiki zake, alituma ujumbe kwamba amekwama kwenye hafla nyingine lakini yuko pamoja nao kimawazo.

"Watoto hawakalii mawazo," akasema Jepkorir kwenye kipaza sauti, akidhani kimezimwa.

Jogoo wa Mwalimu Cherono alipigwa mnada. Aliyemnunua akamrudisha auzwe tena, kama ilivyo desturi, naye wa pili akamrudisha, na wa tatu, mpaka jogoo mwenyewe akachoka kuinuliwa, akaruka dirishani akapotelea kwenye mahindi ya jirani. Walipojumlisha jioni, walikuwa na pesa za kununua madawati ishirini kwa bei ya fundi aliyeuza yale mabovu. Shule ilihitaji arobaini na tano.

Wazazi wakatazamana. Hesbon akaomba ruhusa ya kusema, mara yake ya kwanza kuomba.

"Hizi pesa tusinunue madawati. Tununue mbao. Zinatosha. Jumamosi kila mzazi akuje kwangu na mikono yake. Nitawaonyesha."

"Kwako wapi?" akauliza baba mmoja, ingawa alijua.

"Kwangu kule. Hamtaumwa na kitu. Ni masanduku tu."

Jumamosi wazazi ishirini na wawili walijitokeza, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa muujiza. Walipita kati ya majeneza upandeupande, wakiwa wamebana mabega. Lakini kazi haingojei woga. Hesbon aliwagawia misumeno, randa na nyundo, akachora alama kwenye mbao, akawafundisha kutoboa tundu kabla ya msumari. Huyu mtu ambaye mtaani hakuwa na sentensi tatu, karakanani mwake alikuwa mwalimu kamili. "Usiipige kama nyoka, mama. Iambie tu iingie." Kufikia saa nne, nyundo ishirini zilikuwa zinalia kwa pamoja, na vumbi la mbao limefika barabarani.

Sasa, mtu anayepita barabarani aone karakana ya majeneza, siku ya Jumamosi, ina watu zaidi ya ishirini wanaopigilia misumari kwa pupa, gari la mbao linashusha, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi amesimama mlangoni akihesabu kwa daftari. Atafikiria nini?

Wa kwanza kufikiria alikuwa mwendesha pikipiki. Kufika Tuwan akasema kumetokea jambo baya, hajui ni nini, lakini Hesbon ameajiri mafundi ishirini. Sokoni likawa ajali. Stendi likawa ajali ya watu arobaini. Kabla ya saa sita watu walianza kumiminika Kibomet, wengine wakikimbia, akina mama wamejifunga leso kiunoni, na mmoja alikuwa ameshaanza kulia kwa mbali ili akifika asipoteze muda. Naibu wa chifu alikuja na kofia yake.

"Ni akina nani?" akauliza kwa sauti ya chini, amevua ile kofia.

"Gredi ya Kwanza mpaka ya Sita," akajibu Mwalimu Cherono, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari.

Yule mama aliyekuwa analia kwa mbali akaanguka kabisa.

Ilibidi Jepkorir apande juu ya meza ya randa na kutumia sauti yake yote kueleza kwamba hakuna aliyekufa, haya ni madawati. Umati ukashusha pumzi. Kisha ukaanza kugeuka kwenda zake, na hapo Jepkorir akatambua nyuso. Kulikuwa na wazazi hamsini hivi ambao hawajawahi kuonekana kwenye mkutano wowote.

"Funga geti," akamwambia naibu wa chifu.

Naibu wa chifu, aliyefurahi kupata amri iliyo wazi, akafunga.

"Kwa vile mmekuja kulia," Jepkorir akasema, "hamna haraka. Msasa uko pale."

Wakapiga msasa. Mama aliyeanguka alipaka vanishi madawati manne, na inasemekana mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote.

Saa kumi jioni, dawati la arobaini na tano likikaushwa, Phelista akaingia. Habari zilikuwa zimefika Kabuchai kwamba Kitale imeisha, na simu ya mumewe, iliyofunikwa na vumbi la mbao, haikushikwa mara kumi na saba. Alikuwa amepanda gari na nguo ya shambani. Akasimama getini, akamwona Hesbon katikati ya watu mia moja, mwanamke mmoja akimfuta jasho, mwingine akimpa chai, naibu wa chifu amekaa juu ya jeneza kabisa, anakula mkate.

"Baba Nabwile," akasema. "Nilikuambia unyamaze."

"Nilijaribu," Hesbon akasema. Akamsogezea dawati jipya. "Kaa. Haliwezi kuanguka."

Phelista akakaa, akajaribu kulitikisa, likagoma. Mkono wake ulipita juu ya ubao mara mbili, tatu, na Hesbon akaona hiyo inatosha.

Jumatatu madawati yakaingia darasani, yamepakwa vanishi ya kahawia iliyong'aa vile ambavyo madawati ya serikali hayang'ai. Watoto wa Gredi ya Kwanza walilala juu yake wakiwa wamekunja mikono kifuani, wakafukuzwa. Nabwile, ambaye kwa miaka minne aliwaambia wenzake kwamba babake anauza fanicha, alimwambia jirani yake kwa sauti ya kawaida, "Baba yangu hutengeneza majeneza. Na hii." Kisha akafungua kitabu cha hesabu.

Muhula uliofuata wazazi walijaa mpaka wengine wakasimama nje. Hesbon alikuja mwenyewe, Phelista ubavuni mwake, na watu wakasogea kuwapa nafasi, wakakaa karibu. Mwalimu Cherono akasoma ajenda ya kwanza. Ilikuwa kuchimba vyoo vipya.

Macho yote yakageuka polepole yakatua kwa Hesbon.

"Hapana," akasema Hesbon. "Mimi sichimbi. Mimi natengeneza tu. Kuna jamaa wa kuchimba, tunafanya kazi pamoja. Naweza kuwapa namba yake."

Jepkorir alikuwa ameshatoa kalamu.