Ndege Nyeupe ya Furaha

Sisi tuliolelewa Kakuma kabla simu hazijaingia kila mfuko, nadhani bado tunaisikia ile sauti ya ndege za msaada asubuhi. Mwalimu alinyamaza hadi ipite, nasi tukapata sababu ya kukimbilia dirishani. Ikitua, vumbi lake lilifika mpaka kwenye uji. Hapo ndipo ulipoanza wazimu wetu wa kuunda ndege.

Tulizikata kutoka makopo ya mafuta ya kupikia, magurudumu tukayatoa kwenye patipati zilizokatika, na palipohitaji msumari tukachomeka mwiba. Mfukoni tulikuwa na makoma, matunda magumu ya mkoma, ya kutafuna, na miguu ilipauka hadi magotini. Siku hizi kijana akitaka kurusha ndege huichaji kwanza, kisha hutazama video ya mtu wa mbali akimfundisha kuishika. Sisi tulitazama juu tu mpaka shingo zikauma.

Klabu yetu ilikuwa na watoto saba, na mimi nilikuwa mwenyekiti kwa sababu moja tu: mkasi ulikuwa wa mama yangu. Mama alikuwa nesi aliyehamishiwa Kakuma kutoka Kitale. Tulifika juu ya lori la mahindi, nami nililia njia nzima. Aliyenipokea ni Ekal, mtoto wa jirani. Alisema "Ejok" akanivuta mkono twende kucheza, hata sijajua salamu hiyo ya Kiturkana hujibiwaje. Mama alikuwa akinikumbusha kila mara, "Usisahau, nawe ulikuja hapa hujui mtu." Nilisahau upesi sana.

Furaha aliletwa shuleni kwetu muhula wa pili, akitokea kambi ya wakimbizi iliyokuwa jirani. Alikuwa msichana wa rika langu, Mkongo, mwembamba, sketi yake imefungwa kiunoni kwa kamba. Alitukuta kando ya laga, ule mto wetu usio na maji, akiwa amekumbatia kitu cheupe.

"Mi niko na ndeke," alisema. "Naweza ingia mu klabu?"

Ndeke! Mimi ndiye niliyeanza kucheka, na wengine wakafuata hadi wakakaa chini. Kwa wiki nzima nilimwita Ndeke mbele ya darasa.

Ekal alisema aachwe airushe. Furaha alikuwa ameichonga kwa wembe kutoka boksi jeupe, jepesi, la kubebea chanjo, na puani alizamisha msumari. "Pua ikikosa uzito, inageuka mugongo," alitueleza kwa utaratibu, kana kwamba hatukumcheka. Akaivuta kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaachilia. Zetu za makopo hazikuwahi kufika hatua kumi. Ya kwake ilivuka laga yote ikashuka ng'ambo kwa tumbo, polepole.

Watoto walipiga kelele. Mimi nikasema, "Ni upepo tu. Na klabu imejaa." Kisha nikamwambia aniachie ndege tuikague, labda tungemfikiria. Akanipa kwa mikono miwili.

Wiki hiyo Mwalimu Nanjala, aliyetufundisha sayansi, alikuwa akikusanya kazi za wanafunzi za kupeleka kwenye maonyesho Lodwar. Alipita kwetu jioni akaiona juu ya kabati.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nilipelekwa Lodwar. Nikasimama mbele ya wageni nikaeleza habari za pua na uzito, maneno ya Furaha yote, nimeyanyoosha tu yawe Kiswahili cha darasani. Nilipigiwa makofi, nikapewa kamusi mpya. Ningependa kusema kwamba chapati na supu ya mbuzi vilinikwama kooni. Havikunikwama. Nilimaliza, nikaomba niongezwe.

Niliporudi, Furaha alikuwa akinisubiri kwenye lango la shule. Nilijitayarisha kugombana. Yeye aliuliza tu, "Iliruka muzuri kule?"

"Ilivunjika," nikamjibu. Haikuvunjika. Tuliiacha Lodwar mezani, imebandikwa jina langu.

"Pole," akasema. Aliniambia pole, mimi. Muhula ulipoisha, familia yao ilihamishiwa nchi ya mbali, na sikumwona tena.

Sasa naishi Lodwar, na ni katibu wa klabu ya ndege ndogo za kuunda. Sisi hukutana Jumamosi kwenye uwanda wa nje ya mji, njia ya Eliye. Mwezi huu tumepata wanachama wapya kutoka Kakuma na mmoja wa Lowarengak, nami nikaagizwa kuandika maneno machache ya kuwakaribisha. Siku mbili karatasi ilibaki tupu. Mwishowe nikampigia simu Ekal, ambaye sasa ni dereva wa lori, nikamwambia yote.

"Nilijua," alisema. "Sote tulijua. Tuliogopa ungetufukuza na sisi."

Jumamosi sikusoma makaribisho. Niliwasimulia haya. Msichana mmoja mgeni aliuliza, "Na ulimtafuta?" Nikasema nimeanza mwaka huu tu, na sijampata. Akaenda kurusha ndege yake, ikaingia kwenye miiba. Wenzake watano, wale wale ninaowacheka kwa betri na video zao, waliingia humo kuitoa, wakatoka wamechanika mikono, wakacheka pamoja naye.

Nikikutana na watu wa rika langu huwa nasema enzi zetu ndizo zilikuwa enzi: anga pana, muda tele, na ndege za mikono yetu wenyewe. Siku hiyo sikusema. Nilisimama kivulini nikiwatazama watoto wa watu wakifanya, bila kuagizwa na yeyote, jambo dogo lililonishinda nikiwa na umri kama wao, nikaona haya.