Samurai Nyumbani kwa Mjane

Papara ni ila inayojitia wema, na ndiyo iliyokaribia kumwangamiza baba yangu. Kila ninusapo moshi wa petroli huikumbuka jenereta ya mjomba wangu Famau, mjini Kismayu, na chumba chake cha video tulikotazama, baada ya Alasiri, katuni za samurai wa Kijapani aliyesema Kiarabu fasaha.

Wiki moja baba, aliyekuwa nahodha, alirejea kutoka Burgao bila ya baharia wake Kombo, aliyechukuliwa na bahari. Kwetu, nahodha mwenyewe ndiye aendaye kwa mjane kumpa pole. Baba hakwenda. Jamaa walimjia mmoja mmoja wakimhimiza, kila mtu na maneno yake ya kumfunza. Naye aliketi ukumbini akishona wavu wa jarife usiotoboka.

Ndipo siku moja samurai wetu alipobisha hodi kwa mjane wa askari aliyekufa chini ya amri yake. Mjane akamtandikia mkeka, akammiminia chai. Nikatulia tuli: atakayoyasema huyu, nitampelekea baba. Lakini watoto walipiga kelele, “Panga! Panga!” na mjomba akaupeleka mkanda mbele.

“Mjomba, mwache aseme kwanza!”

“Mchu huja hapa kuona panga,” alinijibu kwa lahaja yake, “haji kuona mchu mwenziwe akinywa chai.”

Wakaangua kicheko. Nililia kwa hasira. Mwalimu Somoe, mama aliyetufunza Kurani chuoni, aliyekuja kumchukua mwanawe, aliniuliza kisa, nikamweleza hata habari ya baba. Akaenda kusimama mbele ya televisheni.

“Famau, rudisha.”

“Mwalimu, wataniondokea hawa!”

“Na waondoke.”

Mkanda ukarudi. Mjane alisema mengi, mwalimu akinifasiria: alimtaja mumewe, akamlaumu mgeni, akalia. Samurai hakujibu neno. Alikaa mpaka chai ikapoa, na hadithi ikaishia hapo. Nilikasirika kuliko mwanzo! Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikamlalamikia baba.

“Kaenda mpaka kwa mjane, asiseme kitu! Kakaa tu, akamsikiza.”

Baba aliliweka jarife chini. “Na mjane hakumfukuza?”

“Hakumfukuza.”

Akachukua kofia yake, akatoka.

Leo, nikiwa na umri wake wa siku zile, ndipo ninapofahamu kwamba baba hakukosa ujasiri. Alikuwa akitafuta maneno yasiyokuwapo, na kila aliyemhimiza alimzidishia mzigo wa kuyatafuta. Aliyemtua mzigo huo, wala hakupata kuambiwa, ni Mwalimu Somoe.