Kiti Hakilali Peke Yake

Mwanafunzi mmoja alimwuliza mwalimu wake, huku akininyoshea kidole, "Na huyu mama, iko ya tangu mwaka gani?" Darasa zima likacheka. Mwalimu akamfinya sikio, kisha akanitazama kwa aibu. Swali hakulijibu. Nadhani naye hakuwa na uhakika.

Simlaumu yule mtoto. Katika ukumbi ule wa maonyesho pale mjini Baraka kulikuwa na ngoma, vyungu, migono ya kuvulia samaki, vijiko vya mti na shanga za bibi za watu, na kila kitu kilikuwa na kikaratasi chake cha maelezo. Mwishoni, karibu na dirisha, kulikuwa na kiti cha ukoo wetu juu ya sanduku lililofunikwa kitambaa cheusi. Mbele yake kamba nyekundu. Ndani ya kamba, pembeni ya kiti, mimi, nimekaa. Mtu aliyeingia mara ya kwanza angejuaje kwamba mimi si sehemu ya maonyesho?

Sisi ni watu wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Nyumba yetu ina sheria moja ambayo sijaisikia kwa jirani yeyote: kiti cha babu hakilali peke yake. Popote kinapolala, chini ya paa hilohilo lazima alale mtu wa damu yetu. Watu wote wakienda msibani, mmoja hubaki. Na sheria hiyo ina ndugu yake: msichana wa kwetu haposwi mpaka kiti kiwe kimewekwa mbele ya wageni. Wakwe husema maneno yao kiti kikiwapo. Kisipokuwapo, maneno hayo ni mazungumzo tu, hata wakija na mbuzi kumi.

Bwana wa makumbusho, ndivyo nilivyozoea kumwita, alisomea mambo yake Kinshasa, akapata kazi Bukavu, na kutoka Bukavu akateremka kwetu kuomba vitu vya kuonyesha. Alivuka kwa mtumbwi wa injini, akatapika njia nzima, akafika kwetu mashavu yameingia ndani. Nilimpenda kwa hilo. Alitaka kiti kwa mwezi mmoja tu. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mkubwa wa nyumba alikuwa baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja.

"Kiti kinaweza kwenda," baba mdogo alimwambia. "Lakini hakiendake yenyewe. Muntu wetu atakwenda nacho, atalala nacho."

Bwana wa makumbusho alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akatoa daftari, akaandika.

Sasa nani aende? Kaka zangu walikuwa na wake zao na nyavu zao. Dada zangu walikuwa kwa waume. Macho ya wazee yakazunguka uani yakanikuta mimi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, sina mume, sina mtoto. "We uko tu," baba mdogo akasema, na kikao kikaisha. Hakuna aliyedhani ni tusi. Hata mimi siku ile nilijua ananihesabu kama mtu anavyohesabu jembe lililobaki nyumbani.

Lakini kulikuwa na mtu. Alikuwa fundi wa mitumbwi kutoka Mboko, mjane mwenye watoto watatu. Alikuja Ubwari kumtengenezea kaka yangu mtumbwi, akagonga mbao ufukweni kwetu wiki tatu, na wiki hizo tatu mimi nilianika ndagala zangu karibu na nyundo kuliko ilivyokuwa lazima. Alituma neno kwa kaka yangu. Neno likapokelewa. Watu wake wangekuja kunisemea mara tu kiti kitakaporudi kutoka Baraka. Mwezi mmoja! Mwezi mmoja ningeusubiri nimesimama kwa mguu mmoja.

Huko Baraka, kila jioni mimi na bwana wa makumbusho tulibeba kiti hadi stoo iliyokuwa nyuma ya ukumbi, nikatandika mkeka wangu kando yake. Asubuhi tulikirudisha kwenye sanduku. Mchana niliruhusiwa kutoka, kwenda sokoni, kuoga ziwani, maana sheria ni ya kulala. Lakini kwetu sikuweza kwenda. Mitumbwi ya Ubwari huondoka Baraka mchana na kurudi asubuhi ya kesho yake, na mtu akiondoka nayo lazima alale huko. Kwa hiyo nilikaa dirishani. Siku zisizo na ukungu niliona milima yetu yote, na wakati watu walipochoma mashamba niliona moshi, nikakisia ni shamba la nani.

Nilikuwa nafagia, napangusa vumbi, najibu maswali. Wageni walipenda kunipiga picha. Wengine waliniomba niweke mkono juu ya kiti, wengine waliniomba nisitabasamu. Mama mmoja kutoka Uvira aliniambia nina sura ya zamani. Nikamwambia asante.

Mwezi ulipoisha, bwana wa makumbusho alimpigia baba mdogo simu: shule za Fizi bado hazijaja, aongeze miezi miwili. Baba mdogo akakubali. Miezi miwili ilipoisha, kulikuwa na wageni wa serikali wanaotarajiwa, na barabara ilikuwa mbaya, basi miwili mingine. Mimi sikuulizwa. Habari nilikuwa naambiwa simu ikishakatwa. Nilikuwa naamka na hasira, mchana nasinzia, jioni naogopa. Bamama wa sokoni walinifariji kwamba subira huvuta heri. Labda. Lakini heri yangu ilikuwa Mboko, na haikuwa na kamba ya kuivutia.

Katika mwezi wangu wa tano pale, fundi alikuja mwenyewe. Aliingia kama mgeni yeyote, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Hakunikimbilia. Alianza mlangoni, akatazama ngoma, akatazama vyungu, akasoma vikaratasi vyote kwa midomo, mpaka akafika kwenye kamba. Kulikuwa na wanafunzi ubavuni kwake wanachora kiti kwenye madaftari.

"Kinarudi lini?" akaniuliza. Hakusema utarudi lini.

"Wanasema miezi miwili tena."

Akainama juu ya kamba, akakitazama kiti kwa jicho la kazi, mguu baada ya mguu. Kisha akasema polepole, ili wanafunzi wasisikie, "Ule muti hauko wa Ubwari. Hata huku kwetu haumeake. Ni muti ya ng'ambo, ya Tanzania. Hiki kiti si cha zamani, mama. Kama haiko kile chenyewe, kinakufungia nini hapa?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Nami nikaufunga kwa nguvu zangu zote. Nilimwambia, kwa sauti iliyowafanya hata wanafunzi waache kuchora, "We unajua mbao za mitumbwi. Vitu vya bakubwa hauvijue. Heshimu nyumba ya watu." Akavaa kofia humohumo ndani, akatoka.

Alikuwa amesema kweli, na aliyeijua kweli hiyo kuliko watu wote ni mimi.

Tulipokimbia vita nilikuwa mtoto wa miaka kama minane. Mtumbwi ulijaa watu kupita kiasi, tukiwa katikati ya ziwa maji yakaanza kuingia, na mwenye mtumbwi akapiga kelele kwamba mizigo yote itupwe, na baada ya mizigo atachagua watu. Baba alikuwa amekipakata kiti cha babu, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya miguu yake. Alikitupa mwenyewe. Nilisikia kikianguka majini. Kisha akanishika kwa mikono yote miwili mpaka tukafika upande wa Kigoma. Kambini, baada ya mwaka, alichonga kingine kwa panga na msumari uliochomwa moto, akakipaka mawese, akakining'iniza juu ya moshi wa jiko la mama hadi kikawa cheusi. Aliniambia nikisema nitakuwa nimewaua wazee wote mara ya pili. Tulirudi Ubwari na kiti, watu wakalia kwa furaha walipokiona. Mbele ya kiti hicho dada zangu wawili waliposwa. Mbele yake baba alizikwa. Ningesema nini? Kwamba dada zangu walisemewa mbele ya mti wa kambini? Kwamba baba yangu alikuwa mwongo? Ndiyo maana nilimtukana mtu pekee aliyekuja kunitoa.

Mwezi wa saba baba mdogo alivuka kuja Baraka, amevaa koti. Alisimama katikati ya ukumbi na bwana wa makumbusho, wote wawili wakiwa na furaha ya watu waliomaliza jambo. Maonyesho yalikuwa yamewapendeza wakubwa. Ukumbi ungekuwa makumbusho ya kudumu, na familia ilikuwa imekubali kukiacha kiti moja kwa moja.

"Kiti kimepata nyumba," baba mdogo aliniambia.

"Na mimi?"

"We si utakaa nacho? Batakupatia kachumba hapa nyuma, na mulango wake."

Nilimwomba bwana wa makumbusho atuache, naye akatoka, maana alikuwa mtu mwenye adabu. Nikamwambia baba mdogo kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu. "Baba mudogo, hiki haiko kiti ya babu. Ile ilibakia mu ziwa. Baba aliitupa sababu ya mi, nipate nafasi. Hiki alikichonga kambini. Mi niliona na macho yangu."

Nilitegemea atapiga kelele, au atashika moyo. Yeye alitazama mlangoni kuona kama kuna mtu, basi.

"Minajua," akasema. "Unazani nani alimutafutia mawese?"

"Unajua? Unajua, na unanifunga hapa miezi saba?"

"Sikiliza, mutoto wangu. Ile ya kweli haikukuwa na haja ya muntu. Hata ungeiacha mu njia, kila muntu angejua ni ile. Ile sheria ya kulala, ni baba yako aliileta, tulipotoka kambi. Sababu hiki, bila muntu wetu pembeni yake, ni kuni. Ni we unakifanya kikuwe kiti."

Maisha yangu yote nilikuwa nimeamini sheria hiyo ni ya wazee waliotangulia. Nilimtazama. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenisifu. Nadhani kweli alikuwa ananisifu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Niliingia stoo, nikakunja nguo zangu mbili, nikarudi.

"Na wewe uko damu yetu, baba mudogo," nikamwambia. "Leo utalala nacho we."

Aliniita kwa jina. Aliniita tena kwa jina la mama yangu mzazi, ambalo hulitumia akiomba. Sikugeuka. Mlangoni bwana wa makumbusho aliniuliza nitarudi lini, nikampita. Nilipanda pikipiki ya kwanza iliyokuwa inaelekea Mboko, nyuma ya mama mmoja na kuku wake.

Kwa fundi nilimkuta mwanamke anaosha vyungu nje, nywele zimesukwa upya, mtoto wa mwisho wa fundi mgongoni kwake amelala. Alinipokea vizuri sana. Akanipa kiti, akaniuliza kama nimekuja kuagiza mtumbwi. Nikamjibu kwamba nimepotea njia. Fundi alitoka nyuma ya nyumba na patasi mkononi, akasimama.

"Nilikuya," akasema. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza," nikasema.

Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ni mimi, kwa mkono wangu, mbele ya darasa zima. Nilikwenda kwa mama mdogo anayekaa palepale Mboko, nikamenya naye mihogo, nikalia katikati ya mihogo, yeye akajifanya haoni. Nilikaa mpaka nikaona naweza kutembea njiani bila kuulizwa na watu nina nini.

Kisha nikarudi Baraka kuchukua mtumbwi wa kwetu. Ukumbini sikupita. Nilikwenda moja kwa moja ufukweni, nikavua viatu, nikaingia majini, nikapanda. Na kwenye ubao wa pili, mkoba juu ya magoti, koti limekunjwa vizuri, alikuwa amekaa baba mdogo.

Nilifikiri amefiwa. Nikamwuliza kwa haraka, "Baba mudogo, kuko nini? Na kiti?"

"Kiko pale."

"Na nani?"

Alitazama maji. "Kimezoea," akasema.

Mtu wa injini alivuta kamba, injini ikakohoa, ikawaka. Watu walisogea, wakanipa nafasi kando yake, nikakaa, maana hapakuwa na nafasi nyingine. Nilihesabu kwa vidole chini ya kitenge, kuanzia siku niliyopanda pikipiki. Nikahesabu tena, nisimwonee.

"Siku tisa, baba mudogo," nikamwambia.

"Mugongo ilikuwa inaniuma," akasema.